Namna ya Kufuatilia Taarifa ya Hitilafu: Mwongozo wa Utafiti wa Uhandisi wa Programu kwa Mtafiti wa Mwanza

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mhadhiri anayeanza, au mtengeneza programu wa Mwanza anayetaka kufanya utafiti kuhusu namna programu za kompyuta zinavyotengenezwa na kutunzwa. Anayejenga mfumo wa kusajili mitumbwi anafanya uhandisi. Anayeuliza kwa nini mfumo huo hurekebishwa kila mwisho wa mwezi na mtu yule yule mmoja, tena usiku, anafanya utafiti wa uhandisi wa programu. Kazi hii ya pili haihitaji maabara wala seva kubwa, lakini inadai uvumilivu wa kusikiliza na umakini wa kutunza kumbukumbu, na wengi huiharibu mapema kwa kusambaza hojaji kabla hawajajua ni kitu gani hasa kinachofanyika ofisini.

Nitatumia mfano mmoja wa kufikirika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna kikundi cha watu sita chenye ofisi Nyegezi, kinachotunza mfumo wa SACCOS yenye matawi Kirumba, Sengerema na Nansio. Wanachama wake wengi ni wavuvi na wafanyabiashara wa dagaa. Mhasibu wa tawi akikwama hutuma ujumbe wa WhatsApp, mara nyingi wa sauti, akiambatanisha picha ya kioo cha kompyuta aliyoipiga kwa simu. Kikundi kina hazina ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, inayotunzwa kwa Git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na pia daftari la hitilafu la mtandaoni ambalo kila mtu anakubali kwamba linapaswa kujazwa.

Hatua ya kwanza: tafuta swali ndani ya uamuzi

Swali ambalo wanafunzi hulikimbilia ni lile la kupima kikundi kinafuata Scrum, utaratibu wa kutengeneza programu kwa vipindi vifupi, kwa kiwango gani. Ni swali dhaifu, kwa sababu jibu lake linajulikana kabla ya kuanza: kinafuata kwa kiasi. Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba linachukulia taratibu zilizobuniwa kwingine kuwa kanuni, na kazi ya watu walio mbele yako kuwa upungufu wa kanuni hizo. Ilani ya Agile, yaani tamko la mtazamo ambao Scrum ni mojawapo ya taratibu zake, iliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, na walikuwa wakijibu kero za miradi waliyoijua wao. Winston Royce naye, ambaye mchoro wake wa mwaka 1970 hunakiliwa katika vitabu vya kiada kama asili ya njia ya hatua kwa hatua isiyorudi nyuma, katika makala ile ile alieleza kwamba kufuata mchoro huo jinsi ulivyo ni hatari na hukaribisha kushindwa. Kwa hiyo utaratibu wowote uutazame kama dai linaloweza kupimwa, nawe huna wajibu wa kulitetea.

Njia iliyo bora ni kukaa na kiongozi wa kikundi na kumuuliza ni uamuzi gani anaoufanya kwa kubahatisha. Katika mfano wetu huenda akakwambia kwamba hajui kama aajiri mtu wa kupokea malalamiko ya wahasibu, au awalazimishe wahasibu wajaze fomu, au aache mambo yaendelee kama yalivyo. Hapo ndipo swali linapopatikana: taarifa ya hitilafu inayotoka kwa mhasibu wa tawi hupitia kwa nani na wapi hadi irekebishwe, na zile zisizorekebishwa hupotelea wapi?

Lijaribu swali lako kwa kujiuliza ni jibu gani lingekushangaza. Kama hakuna jibu linaloweza kukushangaza, basi hilo si swali bali ni maoni yako uliyoyatafutia takwimu. Jiulize pia kama ushahidi wa kulijibu unapatikana ndani ya muda ulio nao, na kama kiongozi wa kikundi angetenda tofauti baada ya kulisikia jibu. Swali likishindwa katika hili la mwisho bado linaweza kuwa na thamani ya kitaaluma, ila usitarajie kikundi kikupe muda wake mwingi.

Hatua ya pili: soma machache, uyasome vizuri

Huna haja ya kuanza pendekezo la utafiti na mkutano wa NATO uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, ingawa ndiko jina la uhandisi wa programu lilikopata umaarufu. Msomaji wako ameshausoma mara nyingi mno. Anza na kazi zilizogusa swali lako moja kwa moja.

Kwa swali letu ziko mbili ambazo haziachiki. Ya kwanza ni ya Jorge Aranda na Gina Venolia, iliyotolewa mwaka 2009, ambao walizifuatilia kwa undani hitilafu kumi ndani ya Microsoft, wakiwahoji waliohusika na kulinganisha maelezo yao na yale yaliyoandikwa katika mfumo wa kumbukumbu. Waligundua kwamba kumbukumbu za mfumo mara nyingi zilikuwa pungufu au zenye makosa, na kwamba hata katika kisa kilichoonekana chepesi, mambo ya maana yalikuwa vichwani mwa watu na katika mazungumzo yao. Ya pili ni ya Kim Herzig, Sascha Just na Andreas Zeller, ya mwaka 2013, waliosoma kwa macho yao taarifa zaidi ya 7,000 za miradi mitano ya programu huria. Waliona kwamba asilimia 33.8 ya taarifa zilizoitwa hitilafu hazikuwa hitilafu, bali maombi ya huduma mpya, marekebisho ya nyaraka na mengineyo. Ikiwa mambo yako hivyo katika miradi yenye daftari lililopangwa vizuri, mtafiti wa Nyegezi asiamini safu ya “aina” katika daftari lolote kabla ya kuyafungua maingizo na kuyasoma moja baada ya jingine.

Kwa upande wa mbinu, mwongozo wa Per Runeson na Martin Höst wa mwaka 2009 kuhusu uchunguzi kifani, yaani kuchunguza kisa kwa kina katika mazingira yake, katika uhandisi wa programu unatosha kukuvusha. Kila unachokisoma, andika sentensi mbili: walichokiona, na walikionaje. Sentensi ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo itakayokusaidia unapochagua njia yako mwenyewe.

Hatua ya tatu: ruhusa na ridhaa

Barua ya utambulisho kutoka chuoni ni ya lazima, na ukihitaji kuingia katika taasisi ya serikali au halmashauri utapitia pia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa kabla ya kushuka wilayani. Mtafiti anayetoka nje ya nchi huhitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na Mtanzania naye aulize mapema chuoni kwake kama utafiti wake unahitaji kibali hicho. Anza taratibu hizi wakati bado unaandika pendekezo, kwa maana barua hukaa mezani.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ruhusa ya kiongozi si ridhaa ya mfanyakazi, na ridhaa ya mfanyakazi si ridhaa ya mwanachama wa SACCOS ambaye jina lake, namba yake ya simu na salio lake vimo katika picha iliyotumwa na mhasibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa mtafiti anayezibeba taarifa kama hizo kwenye kompyuta mpakato yake. Njia salama ni kuomba taarifa zifutwe majina kabla hazijatoka ofisini: mmoja wa kikundi aketi nawe, afungue ujumbe, nawe unakili kiini cha tatizo, saa, tawi na hatua iliyofuata, bila kuichukua picha. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo inakupa nafasi ya kumsikia akieleza kila ujumbe anapoupita, na maelezo hayo mara nyingi yana thamani kuliko ujumbe wenyewe.

Waeleze wote kwa maneno mepesi kwamba hutampa kiongozi majina ya waliochelewa. Katika kikundi cha watu sita kumficha mtu ni kugumu: ukiandika “mtengeneza programu mmoja wa kike” na kikundi kina mwanamke mmoja, umeshamtaja. Mhusishe kila mtu na namba, na uache sifa zote ambazo si za lazima kwa hoja yako.

Hatua ya nne: chagua kipindi kwa kutazama kazi ya watumiaji

Vitabu vya mbinu vinavyotoka nchi nyingine havitakwambia hili. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa shughuli hupungua sana, kwa sababu taa haziwavuti dagaa kama usiku wa giza. Fedha zinazoingia katika matawi yenye wavuvi wengi hufuata mzunguko huo, na miamala ikiongezeka, taarifa za hitilafu nazo huongezeka, hata kama programu haijaguswa kabisa. Mtafiti anayekusanya takwimu kwa wiki mbili zilizoangukia mbalamwezi, kisha akarudi kupima “baada ya maboresho” katika wiki mbili za giza, atahitimisha kwamba maboresho yameharibu mfumo. Akizipanga wiki zake kinyume chake, atayasifu maboresho yasiyofanya lolote.

Mzunguko wa mwezi angani ni wa siku 29 na nusu hivi, nao haulingani na mwisho wa mwezi wa kalenda, ambapo wahasibu hufunga hesabu na malalamiko hupanda kwa sababu nyingine. Kwa hiyo chukua kipindi kinachobeba mizunguko kamili, angalau miwili, na ugawanye idadi ya taarifa kwa idadi ya miamala ya kipindi hicho badala ya kuzihesabu zenyewe tu. Andika pembeni siku ambazo umeme au mtandao ulikatika katika tawi, maana ujumbe wa “mfumo umegoma” huandikwa vilevile, iwe tatizo ni la programu, la umeme au la mtandao. Ukifanya utafiti kwa wauzaji wa sokoni au kwa shule, mzunguko utakuwa mwingine, lakini hautakosekana.

Hatua ya tano: fuata taarifa chache kutoka mwanzo hadi mwisho

Kabla ya kuhesabu chochote, chagua taarifa kama kumi na uzifuate kila moja kwa ukamilifu. Usichague zile ambazo kiongozi anazikumbuka, kwa sababu kinachokumbukwa ni vioja. Orodhesha taarifa zote za kipindi chako, zitenge kwa matawi, kisha uchague kwa bahati nasibu ndani ya kila tawi, ukihakikisha zimo zilizorekebishwa na zilizonyamaziwa.

Kwa kila taarifa andika historia yake kwa mfuatano wa saa: nani aliona tatizo, alimwambia nani kwanza, kwa njia gani, nini kilisemwa, nani alirudia kuandika kwa maneno yake, nani aligusa msimbo, na nani alimjulisha mhasibu kwamba kazi imekwisha. Tuchukue mfano. Mhasibu wa Nansio anatuma ujumbe wa sauti akisema riba ya mkopo wa mwanachama imezidi. Anayeupokea ni kijana aliyemfundisha mfumo, wala si mtu wa zamu. Kijana anasikiliza nusu akiwa kwenye daladala, anajibu “nimekupata, dada, naishughulikia”, na akifika ofisini anamwambia mwenzake kwa mdomo kwamba “Nansio wana shida ya riba”. Mwenzake anafungua msimbo wa kukokotoa riba, haoni kosa, anaendelea na mengine. Siku ya tatu mhasibu anapiga simu, na hapo inajulikana kwamba mkopo ule ulirekebishwa muda wa kulipa katikati ya mwezi, neno ambalo lilikuwamo katika nusu ya pili ya ujumbe wa sauti.

Tazama kilichopotea na mahali kilipopotelea. Daftari la hitilafu, likijazwa siku ile ya tatu, litaonyesha hitilafu iliyoripotiwa na kurekebishwa ndani ya saa chache, nalo litakuwa halijadanganya, kwa kuwa limeandika kile tu lilichoambiwa. Kiongozi anayetumia daftari hilo kuamua kama aajiri mtu wa mapokezi ataona kikundi chenye kasi ya ajabu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba alama za kwenye mashine na simulizi za watu zisomwe pamoja, moja ikiihoji nyingine, na pale zinapopingana usiharakishe kuchagua upande. Mpingano huo mara nyingi ndio matokeo ya utafiti wako.

Ujumbe wa sauti una taabu zake. Mhasibu wa Sengerema anaweza kuanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kisukuma, na wa Nansio akachanganya Kikerewe. Nukuu kwanza katika lugha iliyotumika, ndipo uandike tafsiri chini yake, na umpe mzungumzaji mwingine wa lugha hiyo aisikilize sehemu uliyokuwa na shaka nayo.

Hatua ya sita: soma historia ya Git bila kuiamini upesi

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko kama komiti yenye mwandishi, saa na maelezo. Ni hazina nono, na ndiyo maana humlevya mtafiti. Anza na majina. Amri ya git shortlog -sne --all itakuorodheshea waandishi na barua pepe zao, na katika kikundi cha watu sita usishangae kuona majina kumi na moja: mtu mmoja ametumia kompyuta ya ofisi, ya nyumbani na ile aliyoazimwa. Tengeneza faili la .mailmap linalounganisha majina hayo, na ulihakikishe na wahusika wenyewe, usikisie.

Kisha tazama saa. Kila komiti ina saa mbili, ya kuandikwa kwa badiliko na ya kuingizwa kwake katika historia, na zinaweza kuachana kwa siku kadhaa iwapo kikundi huipanga upya historia kabla ya kuunganisha matawi ya msimbo, yaani nakala zake zinazofanyiwa kazi sambamba. Wapo pia wanaozikunja komiti nyingi kuwa moja wakati wa kuunganisha. Hapo kazi ya wiki nzima huonekana kama pigo moja la dakika moja. Uliza kikundi kina mazoea gani kabla ya kuchora grafu yoyote.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Mhasibu anaposema aliona hitilafu saa tatu asubuhi, kompyuta yake inaonyesha 09:00, na seva iliyowekwa kwa saa za kimataifa imeandika 06:00. Tukio moja, namba tatu. Mbaya zaidi, mtu akikuandikia “saa 9” kwenye karatasi, hujui kama amemaanisha alasiri au ameinakili kutoka kwenye kioo. Usiku nao una mtego wake: badiliko lililofanywa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne litasomeka kwenye seva kuwa la Jumatatu, saa 22:00. Badili kila kitu kiwe saa za Afrika Mashariki katika mtindo wa saa 24, hifadhi safu ya asili pembeni bila kuigusa, na katika mahojiano tumia maneno “usiku wa kuamkia” ili siku isigombaniwe.

Mwisho, unganisha komiti na taarifa. Ni wachache wanaoandika namba ya taarifa katika maelezo ya komiti. Wengi huandika “marekebisho” au “sasa inafanya kazi”. Zile usizoweza kuziunganisha zihesabu na uzitaje katika ripoti, kwa sababu ukizitupa kimyakimya utabaki na kazi za watu waangalifu peke yao, na picha ya kikundi itakuwa nzuri kuliko kilivyo.

Hatua ya saba: mahojiano juu ya tukio, si juu ya desturi

Ukimwuliza mtengeneza programu, “Je, huwa mnaipima programu kabla ya kutoa toleo jipya?”, atakujibu ndiyo, naye hasemi uongo, anakueleza anavyojua inapaswa kuwa. Mwombe badala yake afungue toleo la mwisho alilolitoa, akuonyeshe alichokifanya tangu aandike mstari wa mwisho wa msimbo hadi lilipofika kwenye seva. Uliza “kisha?” mara nyingi kuliko “kwa nini?”, maana “kwa nini?” ikirudiwa husikika kama shutuma, hasa kwa kijana anayeongea na mtu aliyetoka chuo kikuu.

Kwa wahasibu wa matawi, nenda kwao. Sengerema sasa inafikika kwa barabara moja kwa moja tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, na Nansio kuna meli. Mtu akihojiwa kwa simu atakwambia mfumo ni mzuri, na akihojiwa mezani kwake, mbele ya kompyuta, atakuonyesha daftari la karatasi analoandika salio kila jioni kwa sababu haliamini la kwenye mfumo. Mhasibu mwenye umri wa mama yako umwamkie shikamoo, umwite Mama, usubiri amalize kuhudumia watu, na kinasa sauti usikiwashe hadi akubali kwa kinywa chake. Akikataa, andika kwa mkono. Maelezo ya mkono yaliyosafishwa siku hiyo hiyo jioni yanatosha kwa kazi hii.

Usiwahoji wahasibu pamoja na watengeneza programu. Heshima itafunga midomo ya wote wawili.

Hatua ya nane: panga makundi, hesabu kwa kiasi

Sasa una taarifa zote za kipindi, na zile kumi ulizozifuata kwa undani zimekufundisha aina za njia zilizopo. Andika maelezo ya kila kundi kwa sentensi moja au mbili pamoja na mfano mmoja ulio ndani na mmoja unaokaribia kuingia lakini uko nje. Mwombe mwenzako apange sehemu ya taarifa hizo bila kuona ulivyozipanga wewe, kisha mlinganishe.

Asilimia za kukubaliana peke yake hupotosha. Tuseme mna taarifa 50, na kila mmoja wenu ameweka 45 katika kundi la hitilafu na 5 katika kundi la maombi. Hata kama mngezigawa kwa kubahatisha kwa uwiano huo, mngetarajiwa kukubaliana katika taarifa 41 hivi, ambayo ni asilimia 82. Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huiondoa sehemu hiyo ya bahati, na kwa hesabu hii makubaliano ya taarifa 41 yangetoa sifuri. Hata hivyo, katika utafiti mdogo mjadala wenu juu ya taarifa mlizotofautiana una faida kubwa kuliko namba yenyewe, kwa kuwa ndimo maelezo ya makundi yanamonyooshwa.

Kwa muda wa kurekebisha, tumia namba ya kati, yaani ile inayoangukia katikati namba zikipangwa kwa ukubwa, usitumie wastani. Matengenezo matano yakichukua siku 1, 1, 2, 3 na 43, wastani ni siku 10, muda ambao hakuna hata tengenezo moja lililoukaribia, ilhali namba ya kati ni siku 2. Kisha lichambue lile la siku 43 peke yake, kwa sababu huko ndiko swali lako linakoishi. Na kundi likiwa na watu wanne, andika “watatu kati ya wanne”. Asilimia 75 ya watu wanne huipa namba uzito usio wake.

Hatua ya tisa: rudisha matokeo, kisha uandike

Kabla ya kuandika sura ya matokeo, rudi Nyegezi na uwaonyeshe wote sita mchoro wa njia za taarifa, kwa Kiswahili, kwenye karatasi kubwa ambayo mtu anaweza kuichora juu yake kwa kalamu. Watakapokwambia “hapa umekosea”, mwulize aliyesema alionyeshe tukio lililo kinyume. Huenda una kosa, na huenda mchoro umegusa kidonda. Tukio ndilo litakaloamua. Wahasibu nao wapewe nafasi yao, kwa kikao kingine.

Katika ripoti, eleza mazingira kwa kina kuliko unavyodhani inahitajika: ukubwa wa kikundi, umri wa mfumo, nani hulipa mishahara, matoleo hutolewa lini, watumiaji huwasiliana vipi. Kikundi kimoja hakiwezi kusema kwa niaba ya Tanzania nzima, na hakina haja ya kufanya hivyo. Msomaji wa Musoma au Bukoba ataamua mwenyewe kama hali yake inafanana, ilimradi umempa vya kulinganishia. Sehemu ya mipaka ya utafiti usiijaze maneno ya jumla kuhusu muda na fedha. Taja pale ambapo jibu lako lingeweza kuwa si sahihi na sababu yake: komiti zisizounganishwa, taarifa za simu ambazo hazikuacha alama yoyote, kipindi ambacho hakikugusa mwisho wa mwaka wa fedha.

Vitakavyowafaa watafiti wengine viweke mahali pa wazi, mathalani katika Zenodo, ghala linaloendeshwa na CERN ambalo hutoa namba ya kudumu ya marejeo bila malipo: maelezo ya makundi, maswali ya mahojiano, programu ndogo ulizotumia kubadili saa na kuunganisha komiti, na jedwali la taarifa lisilo na majina, namba za simu wala maneno ya mtu yanayotambulika. Unukuzi wa mahojiano usiuweke humo isipokuwa kila mhusika ameridhia kwa maandishi. Orodha inayohusisha majina na namba za washiriki ibaki kwenye kifaa tofauti chenye nywila, na ifutwe siku ile uliyoiandika katika fomu ya ridhaa.